Moodle na BigBlueButton kwa rekodi za vipindi: nyota tatu na nusu, na kanuni iliyotutoa jasho kuliko seva

Kwa wenye haraka, hukumu yangu ni hii: chuo kinachotaka kurekodi vipindi na kuwapa wanafunzi wake bila rekodi hizo kuishia kwa wauza madesa, zile notisi za kunakili, kinaweza kutulia na Moodle, jukwaa la kuendeshea kozi mtandaoni, iliyounganishwa na BigBlueButton, darasa la mtandaoni lenye ubao na sauti. Zote mbili ni programu huria, hazina leseni ya kulipia, na kijana mmoja wa TEHAMA anayeujua vizuri mfumo endeshi wa Ubuntu anaweza kuzisimamia. Nazipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile moja na nusu nimeibana kwa sababu nitakazozieleza, na hata hizo nilizotoa zisingefika mbili kama tusingekaa kuandika kanuni ya nani anaruhusiwa kumpa nani rekodi, kwa njia gani na mpaka lini. Mfumo usio na kanuni hiyo ni kabati lisilo na kitasa.

Nafundisha uhasibu kwenye chuo kimoja cha mkoani, kozi za jioni. Wanafunzi wangu ni watu wazima: makarani wa halmashauri, wahudumu wa benki, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana wa stoo ya hospitali, askari wawili. Wanaingia darasani saa kumi na moja na nusu wakitoka moja kwa moja kazini, na kila wiki kuna anayekosa kwa sababu ya zamu, safari ya kikazi au mtoto mgonjwa. Sasa, mada kama hesabu jumuifu, yaani hesabu za kampuni mama na tanzu zikiunganishwa, haina huruma. Ukikosa dakika kumi nilizotumia kuiondoa faida ambayo kampuni mama imeipata kwa kuiuzia kampuni tanzu bidhaa ambazo bado zimelala stoo, kila namba utakayoikuta ubaoni baada ya hapo hutajua imetoka wapi. Kwa hiyo sina ugomvi na rekodi. Nazitaka, tena nazitaka zisikike vizuri.

Kabla ya mfumo huu kila mtu alirekodi kivyake. Simu zilijaa mezani kwangu, nyingine zimefunikwa leso zisipate vumbi la chaki. Kipindi kikiisha faili linarushwa kwenye grupu la darasa, kutoka hapo linakwenda kwa waliokeri somo, yaani waliofeli na wanalirudia, kutoka hapo hakuna ajuaye. Yakatokea mawili yaliyoushtua uongozi. La kwanza linachekesha kidogo: sauti yangu ikifundisha IFRS 10, kiwango cha kimataifa cha hesabu jumuifu, ilikutwa kwenye chaneli ya Telegram ya watu wanaowaandaa watahiniwa wa CPA, ule mtihani wa uhasibu wa kitaaluma, inauzwa shilingi elfu tano pamoja na desa. Nilijisikia nikikohoa. La pili halichekeshi. Mwanafunzi aliuliza swali kwa kutumia mfano wa ofisini kwake, hoja ya ukaguzi iliyokuwa haijajibiwa, akataja na kiasi. Klipu ikamfikia bosi wake kabla ya wiki kuisha. Hakufukuzwa, alihamishwa dawati tu, lakini mpaka anahitimu hakuuliza tena swali darasani kwangu.

Ndipo ikaundwa kamati: mwanasheria wa chuo, afisa TEHAMA, wakufunzi watatu, mtu wa ofisi ya msajili, waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi, na CR, yaani mwakilishi, wa darasa langu, binti mwenye maneno machache yanayouma. Tukapewa kazi mbili, kuchagua mfumo na kuandika kanuni.

Mfumo tuliumaliza upesi. WhatsApp na Telegram zina faida moja kubwa ambayo wataalamu hupenda kuidharau: kila mwanafunzi tayari anazo. Zinapokea faili la hadi GB 2, kwa hiyo ukubwa siyo tatizo. Tatizo ni kwamba ukisharusha, umerusha. Huna orodha ya nani kapokea, huwezi kulifuta kwenye simu za watu walioshalihifadhi, na aliyehitimu miaka mitatu iliyopita bado yumo kwenye grupu kwa sababu hakuna anayeona vizuri kumtoa. Google Drive ni bora zaidi, kwani unaweza kuruhusu barua pepe fulani tu na kuzuia upakuaji kwa watazamaji. Ila wakufunzi wengi hutumia akaunti zao binafsi za GB 15 za bure, na mkufunzi akihama chuo anaondoka na kabrasha zima. YouTube kwa video isiyoorodheshwa niliipinga tangu mwanzo. Video ya namna hiyo haitokei kwenye utafutaji, lakini yeyote mwenye kiungo anaitazama, na kiungo ni maandishi tu, kinanakilika. Kama nia ni kuufungulia ulimwengu mlango, kama MIT walivyotangaza na OpenCourseWare mwaka 2001, basi lifanyike waziwazi, kwa somo lililoandaliwa mahususi, bila sauti ya mwanafunzi ndani yake.

Zoom ilipata kura nyingi. Sifa yake ninayoiheshimu ni kwamba kurekodi kukianza kila aliyemo anatangaziwa. Hakuna kurekodiana kimyakimya kwa kutumia kitufe chake. Rekodi ya wingu unaweza kuiwekea nenosiri, ukazuia kupakua, ukaweka tarehe ya kiungo kufa. Kuna hata alama ya sauti isiyosikika kwa sikio, ambayo humtambulisha mshiriki aliyejirekodia mkutano akauvujisha. Lakini toleo la bure hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, na rekodi ya wingu ni ya wanaolipa. Mhasibu wa chuo alipouliza italipiwa kutoka kasma gani, mjadala ukapoa. Kuhusu Panopto, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 2007 na unaosifika kwa kazi hii hasa, mhasibu hakusubiri hata nimalize sentensi.

Ikabaki BigBlueButton. Ilianza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton kule Ottawa, na unaona tangu dakika ya kwanza kwamba ilitengenezwa na watu wa darasani. Ubao uko katikati, slaidi ziko katikati, uso wa mwalimu siyo jambo kubwa. Mimi naingia na kompyuta ndogo ya chuo, maiki ya kubana kwenye kola, na kibao cha kuandikia kwa kalamu. Wanafunzi wanaiona kazi kwenye projekta, walio mbali wanaiona kwenye simu. Kamera naizima. Kwa somo la namba, kuniona mimi hakumwongezei mtu maksi, na rekodi inakuwa nyepesi.

Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba rekodi yake ya kawaida siyo faili moja la video. Ni ukurasa unaounganisha slaidi, michoro ya ubaoni, sauti na meseji, vyote vikitembea pamoja kwa wakati. Mwanafunzi anaufungua ndani ya Moodle, baada ya kuingia kwa namba yake ya usajili, kwenye kozi aliyosajiliwa. Hakuna faili la kurusha kwenye grupu kwa kidole kimoja. Na Moodle inaweka kumbukumbu: nani kafungua, lini. Anayetaka kuiba ataiba tu, simu zote siku hizi zinarekodi skrini, lakini yule aliyekuwa anasambaza kwa mazoea, bila kufikiri, sasa inabidi afikiri.

Kuna kitu kidogo kwenye Moodle ambacho nadhani hata walimu walioitumia miaka hawajakitazama. Unapopakia faili, kuna kisanduku cha kuchagua leseni: haki zote zimehifadhiwa, mali ya umma, au mojawapo ya leseni za Creative Commons. Wote tunapita tu. Kisanduku hicho ndiyo kanuni ya kushirikishana rekodi kwa kifupi kabisa, na kamati ilikubaliana kwamba kuanzia sasa mkufunzi analazimika kukichagua.

Sasa nyota nilizozibana. Seva kwanza. Watengenezaji wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 16, vichakataji 8, na nafasi ya diski ya GB 500 kama utarekodi. Bila kurekodi, GB 50 zinatosha. Huo ndio uzito wa rekodi. Kwetu diski inapumua kwa shida kila muhula unapofika katikati. Pili, rekodi haipatikani papo hapo. Kipindi kikiisha seva inaanza kuichakata, na madarasa manne yakimalizika saa mbili usiku kwa pamoja, kuna foleni. Aliyekosa kipindi na ana kozi weki, kazi ya maksi za muhula, kesho asubuhi hatakuelewa ukimwambia habari za foleni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kitufe cha kurekodi hakifanyi kile walimu wanachodhani. Unabonyeza kuanza, unabonyeza kusimamisha, na mwanafunzi akitazama baadaye anaona vile vipande tu ulivyovichagua. Lakini kama chumba kimefunguliwa kwa mpangilio unaoruhusu rekodi, seva inaweza kuwa inanasa kikao kizima na kitufe kinaweka alama tu ya wapi pakatwe. Yale ya katikati uliyodhani hayakurekodiwa yanakaa kwenye seva, ghafi, mpaka yafutwe. Matoleo mapya yana mpangilio wa kuamuru sauti inaswe tu kitufe kikiwa kimewashwa, na msimamizi wa mfumo anatakiwa aujue na auweke. Kijana wetu wa TEHAMA ndiye aliyetufichulia hili kwenye kikao, kwa sauti ya mtu anayetaja msiba. Mwanasheria akaweka kalamu chini. Hapo ndipo kamati ilipoacha kuzungumzia mitambo ikaanza kuzungumzia watu.

Rasimu ya kwanza ya kanuni ilikuwa ya mwanasheria na ilikuwa na sentensi moja: ni marufuku kwa mwanafunzi yeyote kurekodi, kutunza au kusambaza kipindi kwa njia yoyote ile. Safi, fupi, haitekelezeki. CR akanyoosha mkono. "Madam, na mwenye zamu ya usiku?" Hakuna aliyemjibu, akaketi. Rasimu ikafa hivyo.

Siyo kwamba mwanasheria alikuwa anaota. Alikuja na kabrasha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 2024. Sauti ya mwanafunzi anayetambulika, akieleza mambo ya ofisini kwake, ni taarifa binafsi, na chuo kinachoirekodi ni mkusanyaji wa taarifa, kama benki au kampuni ya simu. Akatutajia na Kenya, ambako Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mkuu wa fedha, ambaye alikuwa anasinzia, aliuliza hizo ni ngapi kwa za kwetu.

Upande wa pili kuna haki ya mwalimu. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1994, unataja mihadhara kwa jina miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kwa hiyo yule wa elfu tano Telegram hakuwa amechukua maarifa ya bure. Alichukua kazi ya mtu. Ila wakufunzi tulibishana wenyewe kwa wenyewe hapa. Mmoja alitaka iandikwe kwamba rekodi ni mali ya mkufunzi peke yake na chuo hakina haki ya kuitumia hata kumfundishia mtu mwingine muhula ujao. Mwingine alisema analipwa mshahara, yaishe. Tulichokubaliana ni cha katikati: chuo kinaruhusiwa kuionyesha rekodi kwa darasa lililosajiliwa muhula huo tu; kuitumia tena kwa darasa jingine, au mkufunzi akishaondoka, kunahitaji maandishi yake. Hofu iliyokuwa chini ya ubishi ule kila mtu aliijua, ingawa hakuna aliyeitamka mbele ya msajili: kwamba siku moja chuo kitabaki na rekodi na hakitahitaji mwalimu.

Mwanasheria alituletea pia mfano wa Marekani, na huu ulinifungua macho. Sheria ya Elimu ya California, kifungu 78907, inakataza mtu yeyote kutumia kifaa cha kurekodi kwenye darasa la chuo cha jamii bila idhini ya mwalimu, isipokuwa inapohitajika kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu. Fupi na inaeleweka. Lakini mwishoni mwa 2016, kwenye chuo cha Orange Coast katika jimbo hilohilo, mwanafunzi alimrekodi kwa siri mwalimu akizungumzia ushindi wa Donald Trump, video ikasambaa nchi nzima, mwalimu akatukanwa na kutishiwa, mwanafunzi akasimamishwa masomo, kelele zikawa nyingi, na mwaka 2017 adhabu ikafutwa. Sheria ilikuwepo, kifungu kilikuwepo. Kilichokosekana ni ngazi ya kati, kati ya kutofanya lolote na kumsimamisha mtu.

Ule msamaha wa wenye ulemavu tuliuchukua na kuupanua. Mwanafunzi asiyeona, au mwenye mkono usioweza kuandika kwa kasi, haombi ruhusa ya kila kipindi kwa kila mkufunzi. Anapewa barua moja na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nayo inatosha. Kinachomfunga ni kilekile kinachomfunga mwenzake: ni kwa kusomea, siyo kwa kugawa. Hapa hapakuwa na ubishi, na nashukuru.

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye sauti za wanafunzi wengine. Nilisimamia kwa nguvu zangu zote kwamba sehemu ya maswali na majadiliano isirekodiwe. Mkufunzi mwenzangu wa masoko alisema darasani kwake majadiliano ndiyo somo, ukiyatoa unabaki na salamu. Ana haki. Kanuni iliyotoka inasema hivi: mkufunzi anatangaza kwa mdomo anapoanza kurekodi na anapoacha, swali la mwanafunzi, akipenda, linaulizwa rekodi ikiwa imezimwa na mkufunzi analirudia kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kulijibu, bila kutaja jina wala ofisi. Kwa masomo ya majadiliano, darasa linaulizwa mwanzoni mwa muhula, na mtu mmoja akikataa sauti yake isinaswe, hanaswi. Na seva ikawekwa ule mpangilio wa kutonasa sauti kitufe kikiwa kimezimwa. Katika matumizi, kurudia swali kumenifaa kwa namna ambayo sikuitarajia: nusu ya darasa huwa hawalisikii swali la aliyeketi mbele, sasa wanalisikia.

Meseji pia. Kwenye rekodi ya BigBlueButton meseji za chumba cha wazi hutokea pembeni zikiwa na majina. Msimamizi anaweza kuyaficha majina hayo, nasi tumeyaficha. Chuo kinachosimika mfumo huu kiulize hilo mapema.

Nifike kwenye bando, kwa maana hapa ndipo kanuni nyingi za vyuo zinapofia. Tulipowauliza wanafunzi kwa nini wanarusha rekodi kwenye magrupu, tulitegemea kusikia habari za urafiki au biashara. Walisema bando. Kipindi cha saa moja chenye video kinakula MB 200 hivi kwa makadirio ya kawaida ya mifumo hii. Nina vipindi vya saa mbili, mara mbili kwa wiki, na mwanafunzi ana masomo sita. Anayetazama mtandaoni akirudia mara mbili analipia mara mbili. Kwa hiyo darasa lilikuwa na utaratibu wake wa kiungwana kabisa: mmoja mwenye intaneti ya ofisini anapakua, anawagawia wenzake ana kwa ana kwa Bluetooth au programu ya kurushiana mafaili ya Xender, bure. Mchango wa jamii. Kanuni ikiwaambia watu hao ni wezi, watairusha kanuni na rekodi kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema hivi kwa chuo chochote kinachokusudia kuandika kanuni ya namna hii: rekodi huvuja zaidi kwa sababu ya gharama kuliko kwa sababu ya ubaya, na kifungu cha maana kuliko vyote ni kile kinachompa mwanafunzi njia halali iliyo rahisi kuliko ile ya mlango wa nyuma. BigBlueButton ina muundo wa ziada wa rekodi, wa sauti tupu. Sauti ikibanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ni takriban MB 14. Mtu anaweza kuipakua hata kwa bando la buku. Kwa hiyo kila kipindi sasa kina vitu viwili kwenye Moodle: ukurasa kamili wa kutazama, usiopakuliwa, na faili la sauti pamoja na PDF ya ubao, vinavyopakuliwa. Kanuni inaruhusu waziwazi wanafunzi waliosajiliwa kozi hiyo kupeana sauti na PDF kati yao, kwa simu, kwa flashi, kwa namna yoyote isiyo ya hadharani. Mstari ni darasa. Nje ya darasa, hapana. Maktaba nayo imefungua intaneti ya bure kwa anwani ya Moodle peke yake mpaka saa nne usiku, na hiyo ilikuwa hoja ya CR.

Mwanzoni mwa kila faili la sauti nasema mwenyewe kwa sekunde chache: kozi gani, muhula gani, ni kwa waliosajiliwa. Inachosha kuisema, na najua wanairuka. Lakini ile chaneli ya elfu tano ikitaka kuiuza itabidi iikate kwanza, na mnunuzi atasikia kama imekatwa vibaya. Ni kinga hafifu. Naipenda hata hivyo.

Adhabu tuliziweka kwa ngazi, tukiukumbuka ule mkasa wa California. Aliyesambaza nje ya darasa kwa mara ya kwanza, bila kuuza na bila kumdhuru mtu, anaitwa na mkuu wa idara, anaombwa aondoe, na anazungumza na mwenye sauti. Akirudia, anafungiwa kupakua kwa muhula. Aliyeuza, au aliyekata klipu ili kumdhalilisha mwalimu au mwanafunzi, anakwenda kamati ya nidhamu. Tukaandika pia kifungu cha wakufunzi, nao walinuna: mkufunzi anayeweka kipande cha mwanafunzi akikosea swali kwenye status yake ya WhatsApp na emoji za kucheka anakwenda kamati hiyohiyo. Yametokea, siyo chuoni kwetu peke yake. Na kifungu kimoja alichokidai waziri wa elimu wa wanafunzi, nami nilikipigia kura: rekodi iliyochukuliwa ili kutoa taarifa ya rushwa, rushwa ya ngono au vitisho, ikapelekwa kwenye dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU, haihesabiwi kuvunja kanuni hii. Mwanasheria alisita sana hapo. Waziri hakusita.

Yote haya yako kwenye kurasa mbili, Kiswahili, na yamebandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kozi ndani ya Moodle. Mwanafunzi anabonyeza kukubali kabla ya kufungua rekodi ya kwanza ya muhula. Sidhani wengi wanasoma ukurasa wa pili.

Je, imefanya kazi? Kwangu, simu zimetoweka mezani. Maswali yamerudi, hata kutoka kwa wale wa halmashauri, ingawa wengine bado wananitazama kwanza kuhakikisha nimezima. Telegram sijasikia tena sauti yangu ya muhula huu. Ya zamani bado ipo, na haitatoka. Walimu wawili wa idara nyingine hawarekodi kabisa, na kanuni inawaruhusu. Malalamiko ninayoyapata mara nyingi kutoka kwa wanafunzi ni ya foleni ya usiku, na kwamba kwenye simu ndogo maandishi yangu ya ubaoni hayasomeki. La pili nimelirekebisha kwa kuandika makubwa. La kwanza siyo langu.

Nani asichukue mfumo huu? Chuo kidogo chenye kozi mbili na umeme wa mashaka kinaweza kuanza na Moodle peke yake, mkufunzi ajirekodi kwa simu ofisini kwake, apakie sauti na PDF. Utapata theluthi mbili ya faida bila seva ya GB 16 kunguruma. Chuo ambacho tayari kinalipia Zoom hakina sababu ya kuhama. Kitumie vizuri yale makufuli iliyonayo, na kiandike kanuni. Na chuo kisicho na mtu wa TEHAMA wa kudumu, ila kina wa kuja Jumanne na Alhamisi tu, kisithubutu BigBlueButton. Itakufa Jumatano.

Kifungu ambacho bado hatujakifunga ni cha kufuta. Kanuni inasema rekodi zifutwe mitihani ya sup, yaani ya marudio, ikishamalizika na matokeo kupitishwa. Wanafunzi wanaoelekea mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya Mei na Novemba wanaomba sauti, angalau sauti, zibaki mpaka wahitimu. Mwanasheria anasema kadiri unavyokaa na taarifa za watu ndivyo mzigo unavyokuwa wako. Afisa TEHAMA anasema yeye hana upande, ana diski iliyobakiwa na asilimia tisa. Diski mpya imeombwa kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Ikifika, nitaongeza nusu nyota.